Gauni la enzi za Marie Antoinette lilivyonitoa kamasi!

Kama kuna ambaye wiki imemwendea kombo, basi avute kigoda aje tucheke pamoja. Leo sina umbea wa mastaa wala ushauri wa mapenzi. Nina vidole vilivyotobolewa na sindano mpaka vimekuwa kama chekeche, na nina kisa cha gauni.

Ni hivi. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alipata mchumba. Mahari ikatoka, tarehe ya sendofu ikapangwa, kamati ikaanza kukamua watu michango kama ilivyo ada ya mjini. Siku moja bibi harusi mtarajiwa akanifuata na simu mkononi. “Dada, nimeshapata gauni langu.” Nikatazama. Lahaula! Ilikuwa picha ya ile filamu ya Marie Antoinette ya mwaka 2006, iliyompa mbunifu Milena Canonero tuzo ya Oscar ya mavazi. Gauni limejaa kama kapu la embe, kiuno kimebanwa, mgongoni marinda mpaka chini.

Hilo halikunitisha sana, maana mimi ni mtoto wa fundi cherehani, nimekulia chini ya meza ya kukatia nguo. Kilichonitisha ni kitambaa alichotaka kishonewe.

Baba yetu alikuwa baharia. Mwaka aliozaliwa huyu mdogo wangu, alimletea mama yadi 12 za hariri ya kijani kutoka Mumbai. Mama akasema ataishona mtoto akikua kidogo. Mwaka 2003 baba akafariki, mtoto mwenyewe hata maneno hajayakamata vizuri. Kile kitambaa kikarudi sandukuni, na huko ndiko kilikokaa, kinatolewa mara moja kwa mwaka kupigwa upepo. Mdogo wangu hakumbuki sauti ya baba, wala hana picha hata moja aliyopigwa naye. Ana hiyo hariri tu.

Mama akakubali itolewe, lakini akaja nayo Dar mwenyewe, imefungwa kwenye kanga. Tukaenda kwa fundi mmoja anayesifiwa sana mjini, jina lake naliweka kapuni. Jamaa hakuuliza hata salamu ya pili. Akatandaza kitambaa mezani, akachukua chaki, akasema atakata vipande vinane, aweke zipu mgongoni, siku tatu kazi imekwisha. Mama hakujibu. Alikikunja kitambaa chake taratibu, akakitia kwapani, akatoka bila kuaga. Kwenye daladala ndipo aliponiambia, “Mwanangu, atakayekichana hiki vipande vipande, mimi na yeye basi.”

Kasheshe! Bibi harusi analia, mama kanuna, na wote wawili wananitazama mimi.

KITAMBAA GHALI, FUNDI RAHISI

Basi nikaanza kupekua. Nikasoma jinsi magauni yale yalivyoshonwa hasa, si ya kwenye sinema bali yale ya miaka ya 1700 yanayotunzwa kwenye makumbusho. Ndugu zangu, nilichokikuta kilinifanya nipige kofi paja.

Enzi zile za Paris na London, mambo yalikuwa kinyume na ya leo. Leo unanunua kitambaa kwa bei nafuu halafu fundi anakulamba. Wao kilichowaua ni kitambaa. Hariri ilifumwa kwa mkono, uzi mmoja mmoja, kule Lyon nchini Ufaransa au Spitalfields jijini London, nayo ilikuwa nyembamba, upana wake kama nusu mita tu. Gauni moja liliweza kula yadi 10 hadi 20. Ujira wa fundi ulikuwa kitu kidogo ukiulinganisha na bei ya hiyo hariri.

Sasa kama kitambaa ni dhahabu, utakikata ovyo? Hukati! Unakikunja. Fundi alichukua kitambaa kizima, akamvisha mteja mwilini akiwa amesimama, akakikunja marinda mpaka kikakaa, akabana kwa pini, akashona palepale alipobana. Mkasi ulipita pale tu pasipo na njia nyingine. Mtindo ukibadilika baada ya miaka 20, marinda yanafumuliwa, kitambaa kinarudi kama kilivyokuwa, kinashonwa upya. Ndiyo maana makumbusho mengi yana magauni ya miaka ya 1770 na 1780 yaliyoshonwa kwa hariri ya miaka ya 1740, na alama za mishono ya zamani bado unaziona.

Nikamsomea mama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo kinafumulika?” Nikamjibu, “Kinafumulika, mama.” Akasema, “Endelea.”

Na msifikiri mafundi hao walikuwa wanaume watupu. Zamani hizo ushonaji wa nguo za watu wenye nazo Paris ulikuwa mikononi mwa mafundi wa kiume, na wanawake wakishona walikuwa wanajificha. Mwaka 1675 Mfalme Louis wa 14 akawaruhusu wanawake washonaji wawe na chama chao halali. Wanaume wakabaki na koseti na yale mavazi mazito ya kifalme, akina dada wakachukua magauni. Yule Rose Bertin maarufu wa Marie Antoinette, ambaye watu walimbandika jina la “waziri wa mitindo”, kazi yake hasa ilikuwa mapambo, yaani riboni, maua na kofia. Mshono ulikuwa wa wengine, ambao majina yao wengi hatuyajui. Si unajua tena, wenye kutoa jasho siku zote hawaandikwi.

ANZA NA CHA NDANI

Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kukimbilia gauni. Wapi! Gauni la namna hii halikai juu ya mwili wako, linakaa juu ya ulichovaa ndani. Kwanza shimizi. Juu yake koseti, ambayo wao waliitia vijiti vya kile kitu kinachoning'inia kinywani mwa nyangumi cha kuchujia chakula. Mimi nyangumi nimtoe wapi? Nilikwenda duka la vifaa vya umeme nikanunua zile plastiki pana za kufungia nyaya, nikazipanga kwenye tabaka mbili za marekani, nikashona mistari. Imekuwa bomba! Na koseti ya enzi hizo haikuwa ya kukata kiuno kama nyigu. Kazi yake ni kulifanya umbo liwe kama faneli iliyosimama, juu pana, chini nyembamba, mgongo umenyooka.

Halafu kiunoni unafunga kamba yenye mifuko miwili, kila upande mmoja. Naam, akina dada, mifuko! Gauni lina mpasuo pembeni, unaingiza mkono unatoa unachotaka. Mdogo wangu aliweka simu, lipustiki na kitambaa cha kufutia machozi, na hakuna aliyejua.

Na sasa mniwie radhi wenye masikio mepesi. Nyuma ya kiuno unafunga kamto kalikojazwa pamba, kinyanyue gauni. Wale mnaodhani makalio ya bandia ni uvumbuzi wa mjini hapa, poleni sana. Miaka ya 1770 wachora katuni wa London waliwacheka mpaka basi wanawake waliojazia huko nyuma kwa magome ya koki, yale yale ya vizibo vya chupa. Hakuna jipya chini ya jua, mashosti.

Swali mnalotaka kuniuliza nalijua. Chooni je? Wenyewe chupi hawakuwa nazo kabisa, kwa hiyo ni kunyanyua tu na kuchuchumaa. Bibi harusi wetu alivaa yake, msije mkasema sikuwaambia.

SHUKA KWANZA

Kabla ya kugusa hariri nilijaribu kwa mashuka mawili ya zamani. Unamvisha mhusika shimizi na koseti, kisha unaanza na bitana. Bitana ndiyo mifupa ya gauni. Wao walitumia kitani, mimi nilitumia marekani, ile pamba isiyopaushwa iliyopata jina lake kwa wafanyabiashara wa Kimarekani walioileta Unguja miaka ya 1830. Unaiweka mgongoni, unaibana katikati, unaipitisha ubavuni, unaileta kifuani, unakata kufuata mwili. Futi ya kupimia huna haja nayo sana. Mafundi wa wakati ule walitumia kipande cha karatasi wakikichana alama, hapa bega, hapa kiuno, basi. Kila mteja na karatasi yake.

Shuka la kwanza lilikuwa kichekesho. Nilipinda pindo la gagulo chini kabla ya kulivaa juu ya kile kimto, matokeo yake nyuma likapanda mpaka kwenye shavu la mguu, mbele likafagia sakafu. Nikagundua kumbe wao chini hawakugusa. Pindo la chini linabaki limenyooka kama rula, na kila kinachozidi unakikunjia juu, kiunoni, kwa ndani. Mahali pa kurekebisha ni kiunoni! Niliijua siri hiyo saa sita usiku, mdogo wangu amesimama kama mnara, ana njaa, kapigwa pini tatu za mbavu, na umeme umekatika. Alinitukana tusi ambalo mhariri hatakubali.

Shuka la pili likakaa.

SIKU YA HARIRI

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Yadi 12 zenye upana wa sentimita 90. Vipande vinne virefu vya gauni lenyewe, viwili nyuma na viwili pembeni. Vipande vitatu vifupi vya gagulo la nje, lile linaloonekana mbele gauni likiachana. Kinachobaki mwishoni ndicho cha mikono na kifua. Kukata hivyo kwa kukingama mama alikwishakubali, maana vipande bado ni vikubwa, siku yoyote vinaungika.

Tulichagua mtindo wa Kiingereza, ambao hata Wafaransa walikuja kuupenda miaka ya 1780. Ule mwingine wa marinda mawili mapana yanayoanguka kutoka mabegani mpaka chini ndio bibi harusi aliouona kwenye filamu, lakini unakula kitambaa. Huu wa Kiingereza marinda ya mgongoni yanashonwa yalale juu ya bitana, yanakwenda yakijibana mpaka kiunoni, halafu hapo yanaachiwa yafunguke kuwa sketi. Kitambaa ni kilekile, hakijakatika kutoka shingoni mpaka kwenye kisigino.

Jamani, kuyalaza marinda yale! Unakunja moja, unasogea nyuma unatazama, unalitoa, unakunja tena. Upande wa kushoto lazima ufanane na wa kulia, na mtu huyo anapumua. Nilipiga bandi kwanza kwa uzi mweupe, kisha nikashona kwa mkono, mshono mdogomdogo unaoonekana kwa nje. Ndivyo walivyofanya wao, maana cherehani bado haijaja. Mfaransa Thimonnier alipata hakimiliki ya mashine yake mwaka 1830, na Singer akafuata mwaka 1851. Bila kastabini kidole changu kingekuwa historia.

Mchana ule mama alikaa pembeni, tasbihi mkononi, akitazama. Ghafla akauliza, “Hao waliokuwa wakivaa hivi, wakati huo sisi walikuwa wanatufanyaje?” Swali la haki, nikamjibu ukweli. Marie Antoinette alikuwa malkia tangu mwaka 1774. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka wa kupeleka visiwa vya Wafaransa, huko Mauritius. Hariri ya ikulu na minyororo ya Kilwa ni ya miaka ile ile. Chumba kikawa kimya. Mdogo wangu akauliza kama aache. Mama akasema, “Kitambaa ni cha baba yako. Wao tunawachukulia mshono tu. Simama vizuri.”

MKASI

Mpaka hapo mambo poa. Lakini kulikuwa na kitu sikumwambia mama, nilikuwa nakikwepa tangu siku ya kwanza.

Katikati ya mgongo kitambaa hakikatwi, sawa. Ila pembeni, kutoka rinda la mwisho mpaka ukingoni, lazima upasue kwa kukingama usawa wa kiuno. Juu ya mpasuo kinabaki kibapa cha ubavuni kinachokaa mwilini, chini yake kinabaki kitambaa kingi kinachokunjwa marinda madogomadogo ya nyonga. Usipopasua, kiuno hakipatikani. Mpasuo mmoja kila upande, na huo haufumuliki. Huo ni wa milele.

Nilishika mkasi, nikauweka chini. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi, nikaushika tena, jasho linanitoka. Mama akaniona. “Una nini?”

Nikamweleza. Nilitegemea mvua ya mawe.

Aliinuka, akaja akapitisha kiganja juu ya hariri, akitafuta mahali penyewe. Miaka zaidi ya 20 hajashona kwa sababu ya macho, lakini mkono haujasahau. Akapima kwa mkono wake, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. “Mpaka hapa?” “Mpaka hapo, mama.” Akaniambia nimpe mkasi. Mdogo wangu akafumba macho, mimi nikazuia pumzi. Mama akasema bismillahi, akapasua kushoto, akazunguka akapasua kulia, wimawima bila kutetereka. Kisha akanirudishia mkasi na kusema, “Shona sasa, jua linazama.” Alikwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchemsha chai.

Kilichobaki kilikwenda chap chap. Mikono ya kuishia kwenye kiwiko, chini ya kwapa inashonwa imara, juu ya bega inabanwa kwa pini mpaka ikae, halafu kipande cha bega kinafunika mshono wote. Mbele hakuna zipu wala kifungo, gauni linafungwa kwa pini zinazopita hadi kwenye koseti. Ndiyo, pini! Ukishavaa koseti hazikuchomi. Kumkumbatia mtu kwa nguvu, hata hivyo, sikushauri.

KAMA UNATAKA KUJARIBU

Kwa wale ambao tayari mnatazama pazia la sebuleni kwa jicho la tamaa, nawapa tano za haraka. Moja, shona cha ndani kwanza, na umvishe mhusika kila unapojaribu. Mbili, jaribu kwa shuka, si kwa kitambaa cha pesa. Tatu, kunja kabla ya kukata, na ukikata acha kipana, maana kupunguza ni rahisi na kuongeza ni muujiza. Nne, sawazisha urefu kiunoni, si chini. Tano, mlishe mtu unayemvisha. Wangu alitaka kuzimia siku ya pili, kumbe tangu asubuhi ana chapati moja.

Sendofu yenyewe? Wee acha tu! Alipoingia ukumbini MC alisahau maneno yake. Wakwe walisimama kutazama mgongo, si uso. Wakati wa kufungua muziki pini moja ya kifuani ilichomoka, shangazi akairudisha huku anacheza, hakuna aliyeshtukia.

Kuna jambo moja nililisoma nikiwa kwenye pekuapekua zangu, halijanitoka. London kulikuwa na kituo cha watoto walioachwa, kilichoanza kupokea watoto mwaka 1741. Mama akimwacha mtoto, kipande kidogo cha kitambaa kilibanwa kwa pini kwenye karatasi ya usajili, ili siku akirudi aweze kumtambua wake. Vipande hivyo vimetunzwa mpaka leo, maelfu. Watoto wengi hawakurudiwa.

Baada ya mikono na kifua, hariri ya baba ilibaki kipande kama kiganja. Nilitaka kukitupa pamoja na nyuzi. Mama akakiokota, akakibana kwa pini ndani ya daftari lake la vipimo, ukurasa wa mdogo wangu. Gauni nalo amelirudisha Tanga, limo sandukuni. Amemwambia bibi harusi akipata mtoto wa kike, waje walifumue pamoja.

Haya wapenzi, nafasi imekwisha na kidole kinauma. Wiki ijayo, panapo majaliwa, nitawapasha jinsi kamati ya sendofu ilivyogombania pilau lililobaki. Msikose!